Gari la Sarajevo Halina Laana, Lina Logbook

Wasee, kuna stori moja ya gari inayorudi mtandaoni kila baada ya miezi michache. Inakuja na muziki wa kutisha, sauti nzito ya roboti, na picha ya gari kuukuu lenye matairi membamba na taa kubwa kama sufuria. Bila shaka ushaiona. Kama hujaiona, ngoja tu, itakufikia.

Stori inaenda hivi. Gari ambamo mrithi wa ufalme wa Austria-Hungary aliuawa, Sarajevo, mwaka 1914, lililaaniwa. Kila aliyelinunua baadaye alikiona. Jenerali mmoja akapagawa. Kapteni akagonga watu akavunjika shingo. Gavana akapoteza mkono. Daktari akapinduka nalo akafa. Tajiri wa vito akajiua. Dereva wa mashindano akarushwa nje kama gunia. Mkulima naye likamsaga. Mwisho, mwenye gereji akalipaka rangi mpya, akapakia marafiki kwenda harusini, na hawakufika. Halafu video inafunga na namba ya gari: A III 118. Unaambiwa uisome polepole. 11-11-18. Siku vita vilipoisha. Watu wanajaa kwenye komenti na "haki ya nani!" na wanasambaza.

Stori tamu. Shida ni moja tu. Hao wote waliolinunua baada ya 1914 hawakulinunua. Hakuna aliyelinunua. Tangu mwaka huo gari hilo halijauzwa hata mara moja.

Sasa, hapa Kenya mtu akikuletea gari la mkono wa pili akuambie "hii ilikuwa ya daktari, iliendeshwa Jumapili tu kwenda kanisani", unafanya nini? Hata shosho anajua. Unaomba logbook. Unaangalia jina, namba ya injini, namba ya chesisi, unafanya search uone kama linadaiwa na benki. Dalali anaweza kuongea mpaka mate yakauke, lakini karatasi ndiyo inaongea mwisho. Mimi sina digrii, chuo niliacha, lakini kuuliza logbook hakuhitaji digrii. Kwa hivyo leo tufanyie hii ndai ya Sarajevo search yake, jina kwa jina.

Jina la kwanza: Harrach

Gari lenyewe ni Gräf & Stift. Hii ilikuwa kampuni ya Vienna, ya ndugu watatu wa familia ya Gräf waliotoka kwenye biashara ya baiskeli, na mwekezaji wao Willy Stift. Magari yao yalikuwa ya watu wenye uwezo, wale wa ikulu na makasri. Hili letu lilikuwa aina ya dabo faetoni: gari la wazi la kutembelea, safu mbili za viti, paa la turubai linalokunjwa kurudi nyuma. Injini ya silinda nne, nguvu za farasi 28 hadi 32, namba ya injini 287. Leo pikipiki chache tu za bodaboda zikiunganishwa zinafikisha hiyo nguvu, lakini wakati ule hiyo ilikuwa mashine ya kuheshimiwa.

Tarehe 15 Desemba 1910 gari lilikabidhiwa mnunuzi wake, Kaunti Franz von Harrach. Likasajiliwa Vienna, na hiyo ndiyo maana ya herufi A kwenye namba. A ilikuwa herufi ya jiji la Vienna, kama vile K yetu ilivyo ya Kenya. Hakuna jini hapo.

Shika hilo jina, kwa sababu kosa la kwanza la video nyingi ni kusema hili lilikuwa "gari la Franz Ferdinand". Halikuwa lake. Halikuwa la serikali pia. Lilikuwa la Harrach, na lilikuwa Sarajevo kwa sababu ya mpango ambao ukiufikiria utacheka kidogo. Majeshi ya wakati ule hayakuwa na magari mengi. Kwa hivyo Austria ilikuwa na kikosi cha kujitolea cha magari: mabwana wenye ndai zao wanajiunga, na jeshi likiwa na mazoezi ya kivita wao wanakuja na magari yao kuwabeba wakubwa. Ni kama harusi ya kwetu, kamati inapopigia simu kila mjomba mwenye gari safi aje abebe maharusi. Mwezi Juni 1914 mrithi wa kiti cha ufalme alienda Bosnia kuangalia mazoezi ya jeshi, na Harrach akawa mmoja wa wajomba wenye gari safi.

Asubuhi ya tarehe 28 Juni

Hii siku imesimuliwa sana, kwa hivyo nitapita nayo haraka, ila angalia gari.

Franz Ferdinand na mkewe Sophie wamekaa kiti cha nyuma. Oskar Potiorek, gavana wa Bosnia, yuko ndani nao. Dereva ni Leopold Lojka. Paa limekunjwa ili watu wawaone. Kando ya mto Miljacka kijana anaitwa Nedeljko Čabrinović anarusha bomu. Linagonga ile turubai iliyokunjwa nyuma, linadunda, linalipukia chini ya gari lililofuata. Watu wanaumia, akiwemo ofisa mmoja wa Potiorek. Ile turubai, kitu cha kuzuia mvua, imewaokoa.

Wanafika ofisi za jiji, wanasoma hotuba zao kwa hasira, halafu mrithi anasema anataka kwenda hospitali kumwona yule ofisa aliyeumia. Njia inabadilishwa. Sasa sikia sehemu ya kuuma: hakuna anayemwambia dereva vizuri. Harrach, mwenye gari, anasimama kwenye ubao wa kukanyagia upande wa kushoto awe ngao ya mgeni wake. Wakifika karibu na Daraja la Kilatini, dereva anakata kona kulia kufuata njia ya zamani. Potiorek anamfokea: siyo huku! Lojka anasimamisha gari ili arudi nyuma.

Na pale liliposimama, upande wa kulia, ndipo alipokuwa Gavrilo Princip na bastola yake. Risasi mbili. Moja ikampata Franz Ferdinand shingoni, nyingine ikapenya ubavu wa gari ikampata Sophie tumboni. Wote wawili walikuwa wamekufa kabla ya saa moja kuisha. Harrach alikuwa amesimama kushoto, na kifo kilikuja kutoka kulia.

Princip alikuwa na miaka 19. Sheria ya Austria haikuruhusu kumnyonga mtu aliyefanya kosa kabla ya kufikisha miaka 20, kwa hivyo alifungwa miaka 20, na akafia gerezani Theresienstadt tarehe 28 Aprili 1918, kifua kikuu kikiwa kimemmaliza. Miaka 19, wasee. Hiyo ni rika la wale tunaocheza nao mpira. Hiyo peke yake ni stori ya kukukosesha usingizi, na bado mtu anaona haitoshi mpaka aongeze laana.

Jina la pili, na la mwisho

Baada ya mauaji Harrach hakutaka, au hakuweza, kuendelea kulitumia gari hilo. Akalitoa kwa Kaizari Franz Joseph, ami yake marehemu. Kaizari akalipeleka kwenye Makumbusho ya Jeshi, Vienna. Hayo yote yalifanyika mwaka uleule wa 1914.

Basi. Logbook imeisha hapo. Harrach, Kaizari, makumbusho. Gari liliwekwa ndani na limebaki kwenye makumbusho hayo, ambayo leo yanaitwa Heeresgeschichtliches Museum, ndani ya eneo la zamani la silaha linaloitwa Arsenal. Ukiwa na visa na nauli unaweza kwenda kulitazama. Tundu la risasi bado liko kwenye bodi. Karibu nalo kuna sare ya Franz Ferdinand yenye damu. Na mwaka 2004 ikaongezeka bastola, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa imehifadhiwa na mapadri Wajesuiti, kwa sababu padri aliyewaombea marehemu ndiye aliyebaki nayo.

Sasa chukua ile orodha ya waliolaaniwa uiweke kando ya logbook.

Jenerali aliyepagawa ni Potiorek. Potiorek wa kweli aliongoza jeshi dhidi ya Serbia, akapigwa vibaya, akafutwa kazi Desemba 1914. Alikufa mwaka 1933, miaka 19 baadaye, mjini Klagenfurt. Gari hakuwahi kulimiliki. Na Lojka, dereva, ambaye ndiye alikuwa na usukani mkononi kabisa? Aliishi miaka mingine 12 na akafa 1926, mwenye nyumba ya wageni huko Brno. Kama kuna mtu laana ingemwanzia, si ni huyo?

Halafu "gavana wa Yugoslavia" aliyepoteza mkono. Nchi hiyo ilikuwa na mfalme, na hata jina Yugoslavia halikuwa rasmi mpaka 1929. Kabla ya hapo iliitwa Ufalme wa Waserbia, Wakroati na Waslovenia. Na hata tuseme alikuwepo gavana wa aina hiyo, angelipataje gari lililofungiwa kwenye makumbusho ya Vienna, nchi nyingine kabisa?

Na kuna ushahidi ambao fundi yeyote wa Grogan au Kirinyaga Road angekupa bila kusoma kitabu. Gari lililopinduka, likasaga watu, likapakwa rangi, likagongwa tena na tena, bodi yake ingekuwa imekatwa, imenyooshwa na kuchomelewa mara ngapi? Hili lina bodi yake na tundu lake la 1914. Fundi angekuambia: hii gari haijagonga.

Basi stori ilitoka wapi? Toleo lililoenea zaidi ni la Frank Edwards, mtangazaji wa redio wa Marekani, aliyelichapisha mwaka 1959 kwenye kitabu chake Stranger Than Science. Kilikuwa kitabu cha maajabu: mambo ya kushangaza, kurasa chache kila moja, bila kumsumbua msomaji na maswali. Kwa lugha ya siku hizi, Edwards alikuwa mtu wa kontenti. Alijua watu wanataka nini, akawapa. Makumbusho yenyewe yalikuwa yamefunguliwa tena 1955 baada ya vita vya pili, na mtu yeyote mwenye tiketi ya treni angeweza kwenda Vienna kuuliza. Lakini nani atalipa nauli kwenda kuharibu stori nzuri?

Laana ingekuwa ya nani

Kuna kitu hiyo stori ya uongo inakificha, na mimi naona ndicho kitamu zaidi.

Gari lilikaa mahali pamoja, lakini waliolishikilia walibadilika. Mwaka 1914 makumbusho yalikuwa ya ufalme wa Austria-Hungary, uliokuwa na watu milioni 50 na nasaba iliyotawala kwa karne nyingi. Mwaka 1918 ufalme huo ukavunjika vipande, na gari likajikuta mikononi mwa jamhuri ndogo. Mwaka 1938 Hitler akaimeza Austria, na makumbusho yakawekwa chini ya jeshi la Ujerumani. Mwaka 1944 mabomu yakaangukia jengo na kuliharibu vibaya. Mwaka 1945 Hitler naye kwisha. Ikaja jamhuri tena, jengo likakarabatiwa, gari likawekwa mbele ya wageni.

Kwa hivyo ukitaka laana kwa nguvu, haya: dola tatu zilililaza hilo gari ndani, na mbili kati yake zilikufa. Lakini dola haikuuawa na gari. Dola ya Austria iliuawa na watu waliokuwa na nafasi ya kusimama na hawakusimama. Kati ya risasi za Princip na tangazo la vita dhidi ya Serbia ulipita mwezi mzima, 28 Juni mpaka 28 Julai. Siku 30 za barua, simu za upepo, vikao, wazee wenye medali wakipima nani ataogopa kwanza. Tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia. Ukisema ni laana, hao wazee wote unawaachilia huru. Laana haina jina, haina saini. Laana haipelekwi mahakamani.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Tunalijua hili vizuri nyumbani. Barabara ikiua watu kila Desemba, tunaambiwa hiyo kona ina majini. Kumbe haina taa, haina kingo, na matatu yenyewe breki ziliisha Agosti. Jini ni mshtakiwa mzuri sana kwa mwenye matatu na kwa aliyekula pesa za kingo.

Ile namba sasa

A III 118. Ili ikupe 11-11-18 ni lazima ufanye kazi kidogo. Vile vijiti vitatu ni tatu ya Kirumi, lakini unatakiwa uvisome kama moja, moja, moja. Halafu ile A unaambiwa ni ya neno la Kiingereza la kusitisha vita. Lakini namba ilitolewa Vienna, ambako watu wanaongea Kijerumani, na neno lao linaanza na W. Zaidi ya hapo, Austria-Hungary yenyewe haikusitisha vita tarehe 11. Ilisaini tarehe 3 Novemba 1918 na mapigano yakakoma kesho yake. Yaani hiyo pepo ya Vienna ilitabiri tarehe ya watu wengine, kwa lugha ya watu wengine.

Chukua namba ya matatu uliyopanda leo, ukae nayo dakika tano. Utapata tarehe ya kuzaliwa ya mtu.

Lakini kuna sababu nyingine ya mimi kuikataa hiyo 11-11-18, na hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Kwetu vita havikuisha tarehe hiyo.

Vita vya kule Sarajevo vilifika hapa haraka. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walikuwa tayari wameiteka Taveta. Mwanzoni mwa Novemba Waingereza wakaleta jeshi kutoka India kuvamia Tanga, wakapigwa wakarudi melini. Baada ya hapo ni miaka minne ya kumfukuza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro mpaka Ruvuma, Msumbiji, mpaka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Tarehe 13 Novemba 1918, siku mbili baada ya vita "kuisha", watu wake walikuwa wanaingia Kasama. Habari zikamfikia huko. Alijisalimisha rasmi Abercorn, ambayo sasa inaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba. Wiki mbili nzima baada ya ile tarehe ya kwenye video. Kuna watu walibeba mizigo siku hizo za nyongeza, na kuna waliokufa wakibeba.

Wasio na namba

Kubeba ndiyo ilikuwa vita yenyewe hapa. Magari yalikwama kwenye matope. Ng'ombe, farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu na miguu yake. Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na midomo yetu ikaligeuza hilo jina likawa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar. Ukienda kununua kiondo au kula nyama choma Kariokor, umesimama kwenye jina la kambi ya wapagazi.

Watu takriban milioni moja walitumikishwa hivyo upande wa Waingereza peke yake, kutoka sehemu nyingi za Afrika. Mwaka 1917 hapa Kenya ulikuja msako mkubwa, vijana wakikusanywa kijiji kwa kijiji kupitia machifu. Wengi hawakupigwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga ambao haukuivishwa vizuri. Kumbukumbu za serikali zenyewe zinahesabu vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi, na kuna wanahistoria wanaokadiria karibu 100,000.

Angalia hiyo tofauti. Kati ya 40,000 na 100,000 kuna watu 60,000 ambao hakuna aliye na uhakika kama walikufa, walitoroka, au walirudi nyumbani kimya kimya. Ni watu wa kujaza uwanja mkubwa wa mpira.

Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri: angalau watu 116,000 waliokufa kwenye vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba msamaha. Hapo Kenyatta Avenue zimesimama sanamu tatu za shaba, mmoja wao ni mpagazi. Pita uangalie. Mtu yupo, jina hakuna.

Sasa rudi kwa gari. Gari tunajua namba ya injini: 287. Tunajua siku lilipokabidhiwa: 15 Desemba 1910. Tunajua nani alikuwa kushoto na nani kulia, risasi iliingilia wapi, nani alilitoa kwa nani. Chuma hicho kina wasifu kuliko mtu aliyebeba gunia kutoka Voi mpaka Msumbiji akafia njiani. Na hata pesa yake: mishahara ya wengi waliokufa haikuzifikia familia zao. Serikali ilisema hawajulikani ni nani wa kulipwa. Mtu alijulikana vizuri alipokuwa anatafutwa nyumbani kwao abebe mzigo. Wakati wa kulipwa ndipo jina lilipotea.

Na usidhani walikuwa hawajui kuandika rekodi. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa 1915, vita vikiendelea, na vita vilipoisha ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima akavikwa kipande: karatasi yenye namba na alama za vidole, ndani ya kikopo cha chuma, kinaning'inia shingoni. Kwa ukweli huo ulikuwa usajili wa gari. Namba mbele, jina la mwenye nalo ndani, na polisi anaweza kukusimamisha wakati wowote. Harry Thuku na wenzake walipokipinga, mwaka 1922 watu walipigwa risasi barabarani hapa Nairobi. Kwa hivyo uwezo wa kuhesabu watu ulikuwepo. Walihesabiwa walipohitajika kama mali, wakaachwa kuhesabiwa walipokufa kama watu.

Kwa nini nimewachosha na haya

Kwa sababu kila mara ile video ya laana inapozunguka, inachukua nafasi. Kichwa cha mtu kina nafasi yake, na dakika mbili za jioni ni dakika mbili. Ukizijaza na daktari ambaye hakuwepo na mwenye gereji ambaye hakuzaliwa, umewapa wafu wa kubuni makaburi mazuri, na wafu wa kweli wamekosa hata msalaba wa mti. Edwards aliwapa baadhi ya waathiriwa wake wa uongo majina. Wale wa Kariokor hawana.

Mimi nafanya kontenti, najua njaa ya kutafuta watazamaji. Najua laana inalipa kuliko namba ya injini. Lakini stori ya kweli ya hii ndai si ya kuchosha hata kidogo: mjomba aliyejitolea gari, dereva ambaye hakuambiwa njia, turubai iliyozuia bomu, kijana wa miaka 19, na chuma kilichokaa kimya huku dola zikifa juu yake. Ukishaweza hiyo huhitaji jini.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni jepesi: ukikutana na video ya laana, uliza logbook. Nani alinunua, mwaka gani, wapi, na karatasi iko wapi. Dalali wa historia ni kama dalali wa magari, ukimwomba karatasi anakumbuka ana simu ya kupiga.

La pili linahitaji nauli ya kwenda ushago, au simu moja. Muulize shosho, au mzee yeyote aliyebaki kwenu, kama kuna mtu wa ukoo aliyepelekwa Kariokor na hakurudi. Usiulize kwa Kizungu, uliza kwa lugha yake. Kuna familia ambazo bado zina jina, linaitwa kila mtoto anapozaliwa, na hakuna anayekumbuka mwenye jina alienda wapi. Ukilipata, liandike. Jina lake, baba yake, kijiji, na alichokuwa akifanya kabla hawajamchukua. Liweke hapa chini kwenye komenti. Gari la Vienna lina watu wanaolitunza. Hawa wana sisi tu.